Kompyuta Iliyokataa Ntinda

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Ni siku niliyomwita mtu mwizi katikati ya Kisenyi, mjini Kampala, kwa sauti iliyowafanya makanika wa gereji ya jirani waache kazi waje kutazama.

Wakati huo damu yangu ilikuwa bado inachemka. Nilikuwa nimetoka Busia upande wa Kenya miaka kadhaa baada ya vita vya Uganda kwisha, nikapanga chumba Ntinda, mtaa mwingine wa Kampala, nikawa naishi kwa kuwachapia walimu mitihani kwa taipureta. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini walimu wakaanza kunitania, "Mama Achieng, wewe bado unagonga tu?" Nikajinyima, nikanunua yangu, mpya, ndani ya boksi lake. Niliinunua kwa Mzee Swaleh, mtu wa ukoo wa pwani uliokaa Kampala tangu enzi za babu zake. Fundi wake, Kato, baba wa watoto wanne, aliipima mbele yangu.

Basi ikaanza visa. Nikichapa kama saa moja hivi, inajizima yenyewe, na maswali ya hesabu yanapotea yote. Nikaipakia kwenye teksi hadi dukani. Kato akaiwasha, ikafanya kazi kutwa nzima bila kukohoa. Nikairudisha Ntinda, ikajizima. Nikaipeleka tena, ikapona. Jambo hilo lilinishangaza kweli. Kwa nini mashine ipende Kisenyi na kuikataa Ntinda? Nilihamisha meza. Nilidhani ni umeme, nikadhani ni jicho la jirani, hata nikajaribu kuchapa polepole nisije nikaichosha. Usinicheke, mwanangu.

Safari ya tatu niliiacha pale, na siku ya kuifuata niliingia dukani nikiwa nimeshajaa hasira.

"Nyabo, mama yangu, hii kitu iko muzima," Kato akaniambia kwa upole. "Imerala hapa siku mbili, haijazima. Mimi naomba nikuje kwako, nione vile inakaa."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu ameuliza swali la maana, mimi nikasikia tusi. Nikamwambia haingii nyumbani kwangu, kwamba ni mwizi, amechomoa vyuma vipya akatia vikuukuu, na kwamba nataka pesa zangu. Watu wakajaa mlangoni. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini siku hiyo wahenga sikuwasikia.

Mzee Swaleh hakubishana. Alinirudishia pesa zote mbele ya umati ule, kisha akamgeukia fundi wake. "Kato, nenda nyumbani kwanza. Duka likishaitwa la wezi, mteja haulizi nani." Kato akafuta mikono, akaondoka. Nami nikarudi Ntinda nikijiona mshindi.

Meza ilikuwa tupu, limebaki vazi nililokuwa nimeifumia kompyuta. Unajua sisi kina mama wa wakati ule: redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata thermosi ya chai. Kompyuta nilikuwa nimeifumia kikubwa chenye maua, nikakitia bitana nzito kuzuia vumbi, nikakipiga wanga kikakakamaa. Wakati wa kazi nilikuwa nakikunja mbele tu, nione kioo. Nilikipeleka dukani? Hata siku moja. Kitambaa kilibaki nyumbani kisichafuke.

Jioni ile nilikishika nikikunje, nikaona bitana imeungua kwa joto ikawa rangi ya chai kavu, mahali pawili. Nikapaangalia sana. Palikuwa ni pale pale penye matundu ambamo mashine inapumulia. Nikaketi. Nilikuwa nimeiziba pua, halafu nikamsingizia fundi.

Aibu ilinishika, mwanangu, nisikufiche. Pesa ninazo, na hakuna mwingine aliyejua. Ningeweza kukaa kimya. Lakini nikawafikiria wale watoto wanne, na mficha uchi hazai. Asubuhi nikakitia kitambaa kwenye kikapu, nikaenda dukani.

Mzee Swaleh alinisikiliza hadi mwisho. Nikamwekea pesa mezani, hakuzigusa.

"Binti yangu, hilo neno mwizi ulilisema wapi?"

"Hapa, mzee."

"Mbele ya nani?"

Nikaelewa. Nilimfuata Kato kwake, nikamwomba radhi mlangoni pake, mkewe akinitazama kwa jicho ambalo nilistahili. Kisha nikaenda gereji nikawaita makanika wale wale, nikasema mbele yao kwamba kosa lilikuwa langu.

Kato alinifuata hadi dukani, na aliposikia habari ya kitambaa, hasira zote zikamtoka. "Kirete nione!" Akaivika kompyuta, akaiwasha, nasi wote tukasimama kungoja, makanika wakiwekeana dau la chai. Ilipokaribia kutimiza saa moja, ikajizima. Duka zima likapiga makofi. Kato alicheka hadi machozi, na kesho yake akawa kazini; Mzee Swaleh akachukua pesa zake, nami nikarudi na kompyuta yangu.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: kitu kikikukatalia, anza kuuliza kwako kabla ya kunyoosha kidole kwa mwenzako, maana nyani haoni kundule. Anayetaka kuja kuona unavyoishi na tatizo lako, mfungulie mlango, huenda ndiye dawa. Na ukimvunjia mtu jina sokoni, usiende kumwomba msamaha uchochoroni. Rudi sokoni.

Mungu akupe macho ya kuliona kosa lako ungali na nafasi, na akutie nguvu siku ya kulisema.