Kamera Mpya, Lenzi Ileile

Jirani yangu wa Nyasura, karani wa mizani ya pamba, hupiga picha kwa kupenda tu. Kabla ya kila picha huipuliza lenzi, huifuta kwa pindo la shati, huipuliza tena. Siku moja niliishika juani nikaona ukungu umeota ndani, kama kwenye mkate uliosahaulika. Nikamwambia. Akacheka kwa ile sauti yake nyembamba: "Mzee wangu, lenzi haina shida. Bodi, hili kasha lenyewe, ndiyo imechoka, kama wewe." Mama yake, akianika mihogo uani, alikuwaga anamwomba, "Baba, nipige na mimi basi, kabla sijaenda." Naye hujibu, "Subiri mama, nikipata kamera mpya." Akauza ndama wake, akaleta bodi mpya, akaifungia lenzi ileile. Mama akavaa kitenge cha kanisani, akakaa kwenye kiti, akatulia. Picha zote uso ukatoka kama moshi. "Subiri mama, bado naizoea."

Mama hakusubiri. Msibani, mbele ya jeneza, waliweka picha ya kadi yake ya kura, imekuzwa mpaka uso ukawa vidoti vitupu, macho yamemtoka kama mtu aliyekamatwa. Mwanawe alisimama pembeni, kamera shingoni, anafuta lenzi kwa pindo la shati. Nilipompa pole akaniinamia sikioni: "Mzee wangu, ulisema kweli. Sasa nanunua lenzi."

Sikumwuliza atampiga nani.