Mama na Somo la Maharage

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza tangu kabla sijazaliwa, na alianza kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mimi binti yake nikiwa tayari mwaka wa pili katika chuo hichohicho. Watu wa mtaa wetu walicheka wakashiba. Jirani mmoja alimsimamisha njiani, mkoba ukiwa mkononi, akamuuliza: "Maman, uko unaenda kusoma na batoto ya juzi?" Mama, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akajibu bila kupunguza mwendo: "Njo banaenda kunionyesha kutumika na ordinatere. Miye nitabaonyesha adabu."

Hakwenda kwa kupenda. Zamani, ukimaliza sekondari upande wa ualimu na kupata diploma ya serikali, ulipewa chaki na watoto ukaanza kazi. Mama alianza hivyo, kijijini huko Walungu, kisha akahamia Bukavu wakati baba alipokwenda Kamituga kutafuta dhahabu. Baba alirudi mara chache, halafu hakurudi tena. Mama akanilea kwa darasa lake la kwanza, na sijawahi kumsikia akisema angependa kazi nyingine. Ndipo wakubwa wa shule yetu ya parokia walipoamua kwamba atakayetaka kubaki na darasa sharti awe amesomea ualimu chuo kikuu. Mama akasema sawa. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Nilizaliwa na hasira za karibu, na safari hii zilipata mahali pa kwenda.

Masharti ya chuo yalikuwa mengi. Kulikuwa na masomo ya akili ya mtoto, masomo ya namna ya kufundisha, kazi ndefu ya kuandika na kuitetea, majuma ya mazoezi katika shule ya msingi, na mwisho somo la majaribio mbele ya wakaguzi. Kwa miaka yake ya kazi aliingizwa moja kwa moja katika darasa langu la ualimu; aliketi kiti cha mbele, na vijana wakampa jina la "maman promo", yaani mama wa darasa letu. Alikuwa anawaletea mahindi ya kuchoma, anawakemea wakichelewa, anawaazima kalamu. Jioni tulisoma pamoja kwenye meza ya jikoni, mbabula, jiko letu la makaa, ikiwa karibu na miguu yetu kwa sababu ya baridi ya milimani. Alikuwa anasoma kwa sauti kurasa za profesa fulani aliyeeleza mtoto wa miaka sita anavyofikiri, kisha ananitazama juu ya miwani: "Huyu papa alishaka siku moja kupanguza mutoto makamasi?" Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Zilikuwa jioni nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na ninazitamani hadi leo.

Kwa somo la majaribio alichagua kufundisha mmea. Kwetu mkaguzi hapendi mwalimu wa picha tu. Anataka watoto wakishike kitu chenyewe. Basi tulikwenda sokoni Nyawera tukanunua maharage ya mbegu, mazuri, yenye madoa mekundu, ili tuyaoteshe ndani ya kopo. Kesho yake nilirudi nyumbani nikakuta ameyapika. Yalikuwa mezani na bugali, yamekolea mawese. Nilipomwuliza mbegu ziko wapi, aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akapiga viganja kwa mshangao. Tukacheka, tukayala, tukanunua mengine, tukayaotesha. Nilisema moyoni kwamba kichwa chake kimejaa masomo. Nani asingesema hivyo?

Siku ya somo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na njia ya kupanda shuleni ilikuwa matope matupu. Tulichukua pikipiki moja. Mama alikaa katikati na kopo kifuani, na kila tulipoyumba alimwambia dereva, "Papa, pole pole, niko na batoto hapa." Alimaanisha miche yake.

Lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Wakati wa somo la majaribio, wanafunzi wenzako wa chuo wanakaa nyuma ya darasa kwenye madawati madogo, magoti yamefika kidevuni, na wakaguzi wanakaa pembeni. Mwenye chaki ndiye mwenye somo. Hakuna anayeruhusiwa kusema, kukohoa kwa makusudi wala kusimama mpaka yeye mwenyewe aweke chaki chini na kuwageukia wakaguzi. Hata akikosea, hata paa likivuja. Makosa husemwa baadaye, kwa zamu, na yeye huanza kwa kujikosoa mwenyewe. Ndivyo tunavyofundishwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mama alifundisha darasa lake mwenyewe. Aliwakumbusha watoto somo la jana, akawaamsha kwa maswali, akataja somo jipya. Akauliza nani nyumbani kwao anapanda maharage, na mikono yote ikainuka, hata ya wale ambao najua kwao hakuna hata kipande cha udongo. Akang'oa mche mmoja kwenye kopo, taratibu, akauzungusha kati ya madawati ili kila mtoto aguse mizizi. "Hii inaitwa nini?" Mizizi! "Inafanya kazi gani?" Inakunywa! Profesa wa namna ya kufundisha, mzee mkali asiyejua kutabasamu, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama akafupisha somo, watoto wakachora mche katika vibao vyao, akapita kuwasahihisha. Nilihesabu hatua kimyakimya, na zote zilikuwamo. Nilijivuna mpaka macho yakaniuma.

Kisha akafuta ubao, lakini hakuweka chaki chini. Akawageukia watoto kwa uso uleule mchangamfu, akauliza: "Haya, batoto yangu. Jana tulisoma nini?"

Kwanza nilidhani anarudia kwa makusudi. Halafu akauliza nani nyumbani kwao anapanda maharage, kwa maneno yaleyale. Kijana mmoja karibu nami alicheka puani, akanitazama, akainamisha kichwa. Wakaguzi walishika kalamu zao bila kuandika. Sote tulijua desturi: chaki ilikuwa mkononi mwake. Nilitaka kusimama nimshike mkono nimtoe nje, na nikabaki nimekaa kwenye kile kidawati kama nimefungwa.

Lakini watoto walijibu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mikono yote ikainuka tena, kwa haraka ileile. Na kabla mama hajageuka kuchukua kopo, msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye nywele za kusuka zilizoanza kufumuka, alikuwa ameshainuka. Aliuokota ule mche uliong'olewa, akauchomeka udongoni, akaukandamiza kwa kidole gumba, akarudi kukaa na mikono juu ya dawati. Mama akaung'oa mara ya pili. Akauzungusha. "Hii inaitwa nini?" Mizizi! "Inafanya kazi gani?" Inakunywa!

Safari hii aliweka chaki chini. Akawageukia wakaguzi, akangoja, mikono imeshikana mbele kama bibi harusi.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamwuliza, kama desturi inavyotaka, anaona kosa gani katika somo lake. Mama akafikiri. "Pengine nilienda mbio kidogo," akasema. Profesa akatugeukia sisi wa nyuma, ambao kazi yetu ilikuwa kutaja makosa, na wale vijana wa mahindi ya kuchoma, ambao kwa kawaida walichambuana bila huruma, wakaangalia viatu vyao. Hakuna mkono ulioinuka.

Watoto walipotoka kucheza nilimfuata yule msichana mpaka kwenye bomba la maji. Nilimwuliza kama mwalimu anafanyaga hivyo siku nyingine.

"Ndiyo. Saa ingine anarudilia hesabu, saa ingine sala."

"Na nyinyi munafanya nini?"

"Tunajibu."

Nilitaka kujua sababu: "Juu ya nini hamumwambie?"

Alinitazama kama anamtazama mtu mzima asiyejua mambo ya kawaida. "Siye tukisahabu somo, mwalimu hatuchekake siye," akasema, akanywa maji kwa kiganja, akakimbilia wenzake.

Nililia palepale kwenye bomba, mbele ya watoto, sikujali. Watoto wa miaka sita walikuwa wamejua kabla yangu, mimi niliyekuwa nakaa naye meza moja kila jioni. Walikuwa wamembeba miezi sijui mingapi bila kumwambia mtu yeyote.

Chuo hakikumpa mama diploma. Sista mkuu wa shule alituita ofisini, akaongea kwa upole wote alionao binadamu, akasema maman apumzike, apelekwe kwa daktari. Tulimpeleka. Daktari alitueleza ugonjwa wa kusahau ambao mtu hawezi kuung'oa, anaweza tu kuishi nao. Nilitafuta wa kumkasirikia na sikumpata. Mwaka huohuo nilimaliza masharti yangu yote, nikafanya somo langu la majaribio, nikapasi. Sista akanipa darasa la kwanza, chumba kilekile. Nilitaka kukataa, lakini tulihitaji kula, na nilifikiri pia kwamba ni afadhali watoto wake wabaki kwetu.

Siku hizi mama anakaa barazani, shali mabegani, akitazama watu wanaopanda na kushuka mteremko. Mke wa jirani anamwangalia mchana. Nikirudi ananiuliza: "Leson yangu ya mwisho iko lini?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, mara moja tu. Alilia kama mtoto aliyepigwa bila kosa, na baada ya muda kidogo akawa amesahau ukweli lakini kilio kimebaki, hajui analia nini. Tangu hapo nimemjibu: "Ulishaifanya, maman. Ulipita." Basi anapiga vigelegele, anamshukuru Mungu, ananiambia niite majirani. Jioni nyingi amepata diploma yake barazani pale, na kila mara ni furaha mpya. Mimi hufurahi naye, kisha naingia ndani kupika na moyo umenishuka.

Juma lililopita nilimjibu hivyohivyo, na hakupiga vigelegele. Alikunja pindo la shali.

"Kama nilipita," akasema, "juu ya nini niko hapa? Batoto yangu bako na nani?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia: "Bako na miye, maman."

Alinichunguza uso kwa makini, macho yakipita kwenye nywele zangu, kwenye vumbi la chaki mikononi mwangu. Kisha akajikalisha vizuri, akaniuliza kwa heshima, kwa sauti ile anayozungumza na wageni wa kazi:

"Na weye, maman, ulisomeaka wapi?"

Nikamtajia jina la chuo, na mwaka niliomaliza, na alama nilizopata. Akasikiliza yote hadi mwisho, akanishika mkono wa mgeni, akasema vizuri, basi ningoje kidogo, binti yake anarudi sasa hivi kutoka masomo, atatuletea chai.