Chaza wa Uani Kwetu na Jagi la Rehema

Nimekosa. Sisemi shetani alinipitia, maana shetani hakuwepo. Nilikuwepo mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, na nilichokifanya nilikijua.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba na mama walipofariki wakifuatana, niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu wawili, Rehema na Shomari, katika vyumba vya kupanga hapa Kariakoo. Nikaenda kukata vioo dukani kwa Mzee Kanti, Mhindi mmoja mpole kweli. Kwa vioo hivyo Rehema alisoma mpaka akamaliza sekondari, na mimi sikuacha kumkumbusha. Hilo nalo ni kosa, ila si lile lililonileta hapa.

Ikaja miaka ya ruksa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vikajaa madukani. Mzee Kanti akaagiza pampu kutoka nje, akanituma nimtengenezee tangi la kioo la kuweka sebuleni, akalijaza maji ya bahari na mawe ya matumbawe. Humo akafuga chaza wakubwa. Mmewahi kuwaona? Ganda likifunguka unaona mdomo wa nyama wa samawati na kijani, unang'aa kama kitenge kipya! Ukipitisha mkono juu yao wanajifunga, ukiondoa wanafunguka.

Watoto wake walipomwita ng'ambo akahamie huko, duka alimwachia mdogo wake, tangi aliniachia mimi. Chaza walikuwa bado wadogo, kama visosi.

"Hawa hawakusumbui chakula, bwana," aliniambia. "Wanakula mwanga. Wape jua tu."

Nikaliweka uani. Kwa Mzee Kanti lilikuwa na kifuniko cha kioo. Mimi nikakiondoa ili jua liwapige sawasawa. Fundi wa vioo mimi, nani aniambie kitu?

Bila kifuniko, maji yakawa yanapungua kila siku. Yakipungua nakokota madumu mpaka Magogoni, nasubiri bahari ijae nisichote mafuta ya pantoni, narudi na mkokoteni jasho likinitoka. Watu wa mtaa wakinitania, "Fundi, leo unahamisha bahari au unaenda kuuza chumvi?"

Siku moja majirani wamejaa uani wanashangaa chaza, Rehema akasema taratibu, "Kaka, samahani. Jua linaondoa maji tu, chumvi inabaki humo humo. Ukiongeza ya bahari kila siku, chumvi inazidi. Ungeongeza ya bomba, yaliyochemshwa yakapoa."

Mama Tatu, mpangaji wa chumba cha mbele, akapiga kofi la kicheko. "Makubwa! Fundi umesomesha, sasa unafundishwa!"

Kicheko kile kiliniingia mpaka kwenye mifupa.

"Viumbe wa bahari wanywe maji ya bomba?" nilimfokea Rehema mbele za watu. "Kalamu niliyokununulia mimi ndiyo unanichoma nayo macho? Usiguse tangi langu!"

"Sawa, kaka."

Hakubisha. Rehema hakuwa mtu wa kubisha.

Chaza wakakua! Kutoka kisosi wakafika ukubwa wa sahani ya pilau. Wahindi wa mtaa wa pili walikuja na wageni wao kuwatazama, na mimi nasimama pembeni kifua mbele, nawaeleza habari za bahari kama vile niliiumba mimi. Nikimwona Rehema anapita, naongeza sauti: "Maji ya bahari tu! Hakuna maji ya bomba hapa!" Naye anatabasamu, anakwenda zake jikoni.

Kisha Rehema akashikwa na malaria mbaya. Shangazi yetu akamchukua kwake Buguruni amuuguze. Huku nyuma yule chaza mkubwa kuliko wote akaanza kuachama. Nyama ikasinyaa, rangi ikapauka. Mimi nikazidi kumletea bahari.

Rehema akarudi, bado amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Asubuhi ya kesho yake natoka msikitini, namkuta ameinama juu ya tangi na jagi mkononi, anamimina. Nikalipokonya, nikaonja. Maji ya bomba!

"Kaka, ngoja nikueleze..."

Sikungoja. Nilitia mkono nikamgusa yule chaza mkubwa. Hakujifunga. Amekufa.

Jamani, nilipiga kelele nyumba nzima ikatoka. "Njooni mumwone mwuaji! Nimemlea, nimemsomesha, leo ananiulia kwa siri! Wivu tu!"

"Kaka, mimi sijaua."

"Beba nguo zako!"

Alibeba. Akaliweka jagi ukingoni mwa tangi, akaninong'oneza, "Usiwaongezee ya bahari, kaka, nakuomba," akatoka. Na mimi, kwa ukaidi wangu, siku hiyo hiyo nilikwenda Magogoni.

Waliobaki wakafa, mmoja baada ya mwingine. Kila nilivyowaona wanadhoofika ndivyo nilivyozidi kuwaletea bahari. Harufu ikatanda uani, Mama Tatu akahamishia jiko lake barazani. Nilikuwa bado natukana, nasema sumu ya Rehema inaendelea kufanya kazi.

Tulipokuwa tunalimwaga lile tangi, Shomari akaniambia, "Kaka, nikisema hutanipiga?"

"Sema."

"Dada alikuwa anatia maji ya bomba kila alfajiri ukienda kuswali. Tangu ulipomkataza. Ndiyo maana walikua. Alipougua aliniomba nimshikie zamu, lakini mimi nilikuogopa wewe."

Kumbe zile sifa zote uani zilikuwa za jagi la Rehema!

Mwenye moyo angevaa kanzu akaenda Buguruni siku ile ile. Mimi nilikaa. Nikajiuliza, nitawaambia nini majirani niliowaita waje kumwona mwuaji? Nikamwambia Shomari afunge mdomo. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Kabla ya hapo nilikuwa mjinga tu.

Haukupita muda mrefu, shangazi akaja. Rehema amepata mchumba, kijana wa watu, mcha Mungu.

"Baba yenu hayupo, walii ni wewe," shangazi akasema. "Anakuomba uje umuozeshe. Hataki mwingine."

Mnajua nilijibu nini? Hali ya kuwa nimeshaujua ukweli? Nilisema, "Aje kwanza aniombe radhi mbele ya majirani."

"Radhi ya nini?"

"Ya chaza wangu."

Shangazi akanitazama kama asiyenijua. "Mwanangu, mtoto yatima anaolewa, wewe unaniambia habari za makombe?"

"Basi atafute walii mwingine."

Wakamwita baba mdogo kutoka Bagamoyo, naye ndiye aliyempa mume mkono. Siku hiyo mimi nilikuwa dukani nakata vioo. Nilivunja kimoja baada ya kingine, mpaka wenzangu wakaniambia niende nyumbani. Nyumbani kwa nani? Shomari alikuwa harusini.

Rehema yuko Tanga sasa, ana watoto. Tukikutana misibani ananijia na adabu zake zote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Basi. Hatuna neno la tatu. Wanawe wananipa mkono kama wanavyompa mgeni. Nilimlea yule binti kwa jasho langu, na leo sijui hata anapenda kula nini.

Na mpaka leo ninapoandika, hajui kwamba ninajua. Anaamini kaka yake bado anamwona mwuaji. Kila msiba naapa kumwambia, na kila msiba ile "marahaba" inatoka, mdomo unafunga.

Ninyi mliozaliwa kwanza mkabaki na wadogo, nawaomba. Kumlisha mtu si kumnunua. Mdogo wako akikwambia umekosea, hata watu wakicheka, msikilize. Na ukishagundua alikuwa sahihi, usilale nayo hata usiku mmoja! Nenda ukamwambie. Ukichelewa siku moja, ya pili inakuwa nzito zaidi, na mimi ni miaka sasa.

Tangi bado liko uani, tupu. Kwenye kioo pamebaki mstari mweupe wa chumvi, pale maji yalipokuwa yakifika. Mimi ni fundi, najua jagi moja la maji ya bomba linatosha kuuondoa ule mstari.

Jagi liko pale pale ukingoni. Sijaligusa.