Gitaa la Pili

Mume wangu alipofariki aliacha shamba la Mutuka, baiskeli, redio kaseti na gitaa kavu ambalo nyuzi zake mbili zilikuwa za waya wa breki ya baiskeli, kwa sababu nyuzi za dukani hazikupatikana Babati wala Arusha. Shamba halikusemewa na mtu, maana nilikuwa na watoto. Gitaa lilisemewa hata kabla masufuria ya msiba hayajarudishwa kwa wenyewe.

Aliyelisemea ni mdogo wake anayekaa Bonga, ambaye alikuwa akipiga gitaa kwenye bendi ya dansi.

"Shemeji," aliniambia mbele ya watu, "hilo gitaa ni la kwenda Bonga. Wewe utalifanyia nini, kuanikia nguo?"

Watu walicheka. Msibani kwetu watu hucheka, na mashemeji ndio wa kwanza kuchokozana.

"Nitalipiga," nikasema.

"Utapiga nini?"

"Alichokuwa anapiga yeye."

Hapo shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Ile kanda ya mzungu? Mimi mwenyewe imenishinda!"

Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye angegawa vitu, hakupenda kelele. Alisema siku ya kumaliza msiba nitapiga na wote watasikia. Nikiweza, gitaa libaki kwangu. Nikishindwa, liende Bonga. Baada ya hapo aliuliza kama chai imebaki.

Sikusema vile kwa kupenda muziki. Vitu vingine vyote vya mume wangu vilikuwa vya kazi. Gitaa ndilo pekee alilolishika bila kutumwa na mtu, na sikutaka litoke ndani ya nyumba.

Kanda yenyewe alipewa na kijana mmoja wa Ulaya aliyekuja kuchimba visima, ambaye mume wangu alikuwa akimwendeshea gari. Kijana alipomaliza mkataba aligawa viatu, sufuria na kanda moja. Jalada lake lilikuwa la karatasi ya kudurufu, na jina la bendi lilichorwa kama mizizi na miiba, hata mwalimu wa shule alilizungusha pande zote akashindwa kulisoma. Hadi leo sijui wanaitwa nani.

Nitaueleza muziki ule kama nilivyousikia mara ya kwanza. Ngoma zilipigwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Magitaa yalikwenda mbio, yakakatika ghafla, yakaanza njia nyingine kabla hujaizoea ile ya kwanza. Mwimbaji hakuimba, alinguruma. Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukikaa naye Bagara, aliuliza, "Huyu anaumwa wapi?" Mume wangu akamjibu kwamba haumwi, ndivyo wanavyoimba. "Basi apelekwe ziwani," mama akasema, "viboko wamjibu."

Lakini mume wangu alisema tuache sauti, tusikilize mikono. Alisema watu wale si walevi wanaogonga vyombo, kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi. Mpiga ngoma akipunguza pigo moja, gitaa nalo linapunguza, wakati ule ule. Alikuwa amechagua wimbo mmoja tu, wa pili upande wa kwanza, na alikuwa ameufikia katikati homa ilipomchukua.

Sisi ni Walutheri, na mchungaji alishasema mjane yuko huru kutoka. Ila ukoo wa mume wangu ulishika desturi ya wazee kwamba mjane asiende mnadani, asiingie nyumba za watu, mpaka msiba umalizwe na vitu vigawanywe. Shambani kwangu niliruhusiwa. Sikubishana. Watu waliacha kupita kwetu, nami nikabaki na mama mkwe, watoto, redio na gitaa.

Nilimaliza darasa la saba. Muziki wa kuandikwa sikuujua na siujui. Kushika gitaa nilijua kidogo, maana mume wangu alinifundisha nyimbo tatu za kwaya mwaka tulipooana. Nilianza kwa kuhesabu. Nilikuwa napukuchua mahindi huku kanda inacheza, na kila pigo naangusha punje kwenye ungo. Nyimbo za kanisani zinahesabika nne nne. Wimbo huu niliuhesabu nne ukanikataa, nikauhesabu tatu ukanikataa. Siku kadhaa nilidhani nimekosa akili. Ndipo nikagundua kwamba zilikuwa punje saba, halafu saba, halafu tano, ndipo unarudi mwanzo. Nilimwita mama mkwe nikamwonyesha ungo.

"Sasa nifurahi?" akaniuliza.

"Furahi, mama. Wanajua wanachofanya."

"Haya, nimefurahi. Mahindi yaishe."

Baada ya hesabu nikaingia kwenye vidole. Kidole cha pili kilichubuka kwa waya wa breki, nikakifunga kitambaa, nikatumia cha tatu. Nilichukua kipande kidogo, chenye urefu wa pumzi moja, na sikuondoka hapo mpaka kikae. Jioni nilipika, asubuhi nikaenda shamba, mchana nikarudi kwenye kile kipande. Nililia pia, sitaficha, lakini nililia nikiwa na gitaa mapajani na sikuliweka chini.

Jambo moja lilinitia moyo sana. Kadiri nilivyozidi kujifunza, wimbo ulizidi kuwa mwepesi kwangu. Mwanzoni ulinipita kama basi. Baadaye nikawa nausikia mlio mmoja mmoja, nikaona masikio yangu yameiva. Nikasikia hata jambo ambalo mume wangu hakuwahi kulitaja, kwamba pale katikati gitaa si moja, ni mawili, moja linapanda na jingine linashuka, yanapishana kama watu wawili kwenye ngazi. Nilichagua lile linaloshuka kwa sababu lilinifaa vidole. Kila baada ya siku chache niliona gitaa langu liko juu kuliko kanda, nikadhani ni baridi inayokaza nyuzi, nikazilegeza.

Msomaji ameshajua. Mimi sikujua. Betri za redio zilikuwa zile zile alizoacha marehemu. Miaka hiyo sabuni na sukari zilikuwa zimeanza kurudi madukani, fedha ndiyo haikurudi, na betri nzuri ungeitafuta mnadani kwa kubembeleza. Mnadani nilikuwa siendi. Kwa hiyo nilifanya kama kila mtu alivyofanya: nilizitoa nikazianika juu ya bati, jua likazipa nguvu kidogo, nikazirudisha. Kila siku zilichoka, na kanda ikapunguza mwendo kidogo kidogo, nami nikaiita maendeleo.

Siku ya kumaliza msiba walikuja wengi. Baada ya ibada na chakula baba mkubwa aligawa: baiskeli kwa mwanangu mkubwa, koti kwa mjomba, jembe la plau likabaki nyumbani. Akasema, "Sasa hilo la kelele."

Shemeji alikuwa amekuja na betri mpya. Alizitoa mfukoni kwa heshima, akasema hataki nionewe, kanda isikike vizuri kwanza. Alitoa zangu, akaweka zake, akabonyeza.

Sikuutambua wimbo. Nilifikiri ameweka upande mwingine wa kanda. Kisha nikasikia saba, saba, tano zikipita kama mtu anayekimbizwa na nyuki, nikajua ni ule ule.

"Haya, shemeji," akasema, akazima. "Twende."

Ningeweza kukataa. Nilichukua gitaa nikapiga nilichokijua, kwa mwendo nilioujua, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikukosea mahali. Lakini ulikuwa mwendo wa mtu anayetoka kisimani na ndoo kichwani, na watu walikuwa wametoka kusikia kitu kingine kabisa. Mama mmoja wa jirani alisema kwa sauti ya chini, "Pole," na hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Mama mkwe akasimama. "Mwanangu alikuwa anapiga hivyo hivyo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasikia kila siku. Pole pole, hivyo hivyo. Tulikubaliana apige alichopiga marehemu, hatukusema apige redio."

Baba mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Ningenyamaza, gitaa lingekuwa langu.

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa anapiga haraka kuliko mimi. Kanda hakuifikia, lakini alikuwa haraka. Mimi betri zimenidanganya, nikajifunza pole pole bila kujua. Gitaa likizidi kanda nilidhani ni baridi imekaza nyuzi, nikazilegeza."

Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemwaga maziwa. "Nani amekuuliza wewe?"

"Umejihukumu mwenyewe, shemeji," mdogo wa marehemu alisema, lakini hakucheka. Alilichukua gitaa, akakaza nyuzi, akaanza kuupiga wimbo ule kwa kasi. Alikuwa fundi kweli. Mwanzo wote aliupiga vizuri, watu wakaanza kupiga makofi. Alipofika katikati vidole vikagongana, akarudia, vikagongana tena pale pale.

"Hapo ndipo huwa panakataa," alisema. "Hata kaka palimkataa. Hakuna mkono wa kufanya hivi."

"Ni mikono ya watu wawili," nikamwambia.

"Watu wawili wapi?"

"Magitaa ni mawili. Unaanza na linalopanda, unamalizia na linaloshuka. Ndiyo maana unajikwaa."

"Shemeji, nimesikiliza kanda hii mara nyingi kuliko wewe."

"Umeisikiliza ikikimbia."

Akatazama redio. "Zile betri zako za zamani umetupa?"

"Umezitoa wewe, uko nazo mfukoni."

Alizirudisha. Wimbo ukaanza kujikokota, mwimbaji akanguruma chini sana hadi watoto wakacheka, na wazee waliokuwa wameshika kofia waondoke wakakaa tena. Shemeji aliweka sikio karibu kabisa na spika. Pale katikati alifumba macho. Akarudisha kanda, akasikiliza tena, akarudisha.

"Kumbe," akasema. Kisha akanirudishia gitaa, akaniambia, "Lipige hilo la kushuka. Peke yake."

Nikapiga. Alinifuata kwa mdomo, akiimba lile la kupanda, na kwa mara ya kwanza nikausikia ukiwa umekamilika, nje ya redio, uani kwetu.

"Nasubiri," alisema baba mkubwa. "Gitaa linaenda wapi?"

Shemeji alilichukua, akafuta nyuzi kwa shati lake. "Nikiondoka nalo, hilo la kushuka nani atapiga? Mimi nina la bendi. Libaki hapa." Akanigeukia. "Lakini si bure. Jumapili baada ya ibada nakuja na langu, na betri hizi mpya nakuachia. Usiniambie tena habari ya baridi kukaza nyuzi."

"Na chai utaleta?" mama mkwe akauliza. Alikuwa bado amekasirika.

Alikuja Jumapili ile, na nyingine nyingi. Tulianza mwendo wangu, tukauongeza kidogo kidogo, na kila tulipouongeza, vidole vyangu vilisahau yote niliyovifundisha, nikaanza upya. Kasi ya kanda hatukuifikia. Sisemi kwamba tuliikaribia sana. Tulifika mahali ambapo mume wangu alikuwa amefika, mwendo ule ule nilioukumbuka, na shemeji akauliza kama tupumzike. Nikamwambia bado, twende mbele, na yeye akahesabu.