Sketi ya Mwaka wa Tatu

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, naye hakuchukia, maana jina lenyewe lilitokana na kazi. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha chumba chake, na kwa kuacha pindo hakuwa na mpinzani. Zamani aliacha vidole viwili vya kitambaa kwa ndani, mtoto akirefuka pindo linafumuliwa. Siku hizi wazazi walitaka vidole vitano, sita, na bado wanauliza kama haiwezekani kuongeza. Sketi zikawa nzito chini, watoto wanatembea wamevaa sare ya mwaka huu na ya mwaka ujao kwa mpigo.

Mama Pindo akaligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Mtoto akiletwa kupimwa, humkazia macho na kusema, "Na wewe usirefuke ovyo, kitambaa kimepanda bei!" Watu wanavunjika mbavu. Kwa hali ilivyokuwa, kucheka ndicho kitu pekee ambacho bei yake haikuwa imepanda.

Kwake mwenyewe mambo yalikuwa yamekaza vilevile. Chai ilipoteza maziwa kwanza, ikafuata sukari, mwisho chai yenyewe ikawa ya Jumapili. Mchana kutwa yeye yuko kwenye cherehani, kwa hiyo binti yake wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyepakua chakula na kumlisha mdogo wake. Binti huyo walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Miezi ya karibuni ulikuwa umepumzika sana. Mama Pindo aliliona hilo, akajiambia mtoto anakua, anapata akili. Uchovu humfanya mtu apende majibu mepesi.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, alimwita ili amfumulie pindo. Sketi ilikuwa inaingia mwaka wa tatu.

"Simama wima. Acha kujikunja."

"Nimesimama, mama."

Pindo lilikuwa palepale gotini lilipokuwa mwaka jana. Jambo la kwanza alilohisi, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha. Kazi moja imepungua. Kisha akashika kiuno cha sketi ili asogeze kifungo, na mkono wake mzima ukapita. Watoto wa watu aliwapima kwa utepe na kuandika kwenye daftari. Wa kwake alimkadiria kwa macho, kama mafundi wengi wanavyowafanyia wa nyumbani. Sasa akachukua utepe. Kilikuwa kiuno cha mtoto wa miaka minane.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Chakula chako cha mchana unampa nani?"

Chiriku alitazama cherehani. "Mdogo wangu. Kingine narudisha kwenye sufuria."

"Kwa nini?"

"Si unasema tusirefuke? Nikila sana nitarefuka, halafu utapata wapi kitambaa?"

Mama Pindo alitaka kumgombeza, akaona wa kugombezwa ni mwingine. Aibu ilimshika mwili mzima. Akawakasirikia wauza vitambaa, akawakasirikia wauza mafuta na unga, na zaidi ya wote akajikasirikia yeye na mdomo wake.

"Mwanangu, ule ulikuwa mzaha tu."

"Najua, mama. Lakini kitambaa kimepanda kweli."

Alilifumua pindo lote, hata lisilohitajika, kisha akaacha sare za wateja zimelala kwenye cherehani, watakaokuja kulalamika waje. Akapika wali na maharage, akatia mafuta ya siku tatu. Akampakulia Chiriku sahani ikajaa, akaketi mbele yake.

"Kula. Refuka mpaka ugonge dari."

"Na sketi?"

"Sketi niachie mimi," alisema, ingawa hakujua ataifanyaje.

Chiriku alikula kijiko cha kwanza kwa pupa, cha pili vilevile. Cha tatu akapunguza mwendo. Cha nne kilipokwisha, akaweka kijiko chini na kushika tumbo.

"Mama, hakiingii tena."

"Jikaze kidogo."

Mtoto alijikaza. Alitia kijiko cha tano mdomoni ili kumridhisha mama, akatafuna, akatafuna, mpaka machozi yakamlenga, na hakuweza kumeza.