Maoni ya Wasila Kuhusu Bonde la Mishumaa

Figo za Wasila zilikufa akiwa na miaka thelathini na mmoja. Kabla ya hapo alikuwa karani wa vizazi na vifo pale manispaa ya Oran, dirisha namba nne, na wengi wa mtaa wetu tuna vyeti vyenye mwandiko wake. Mimi, Yamina, mshona mapazia, nilimkuta kwenye chumba cha kusafishia damu akiwa na miaka mitano ya kukaa humo. Jumapili, Jumanne na Alhamisi, zamu ya asubuhi, masaa manne kila mara. Kiti chake kilikuwa cha dirishani, changu kikafuata, na cha tatu kilikuwa cha Mzee Kuider, aliyekuwa akibadilisha njia za treni mpaka alipostaafu.

Mkono wa kushoto wa Wasila ulikuwa wa sindano. Akiusogeza tu, mashine inapiga kelele na muuguzi Hafida anakuja amekunja uso. Basi ule ulilazwa juu ya mto, na wa kulia ndio ulioshika kidude cha gemu. Kidude chenyewe dada yake Nawal alimnunulia mtumba kule sokoni Mdina Jdida, mwezi wa kwanza wa ugonjwa, siku zile Wasila alipokuwa analia tangu sindano inaingia mpaka inatoka.

Gemu za bunduki hakuzitaka, wala za mpira. Alipenda zile ndogo zinazotengenezwa na watu wawili watatu nyumbani kwao, za mambo ya kiajabu na ya utulivu. Kulikuwa na ya chura fundi wa miavuli. Kulikuwa na ya mkate uliopotea unaotafuta tanuri lake. Akimaliza moja, anaandika maoni yake kwenye ukurasa wake mtandaoni, alioupa jina Mkono Mmoja. Wasomaji walikuwa mia tatu na kitu, nami nikawa mmoja wao, ingawa gemu sijui hata zinawashwa wapi. Nyota hakutoa. Alisema tu gemu imembeba masaa mangapi kati ya yale manne. Chura alipewa matatu. Mkate ulipewa dakika arobaini, akaandika: "Inataka vidole kumi. Mimi hapa nina vitano."

Alikuwa mkali. Gemu ambayo mimea hukauka usipoingia siku moja aliiandikia hivi: "Jana nilikuwa natapika. Leo nafungua, naambiwa nyanya zimekufa kwa uzembe wangu. Mimi na hii gemu basi." Na kuna jambo lililomkera kuliko yote, alilirudia mara nyingi. Katika gemu hizi za kutuliza moyo, mtu akiugua kijijini unampelekea bakuli la supu, anainuka, anacheza ngoma. "Nani aliwaambia?" aliandika. "Sisi wengine supu ndiyo inayotuua." Alikuwa ameruhusiwa glasi mbili ndogo za maji kwa siku. Nimemwona akimwagilia bustani yake ndani ya kioo, ndoo baada ya ndoo, na midomo yake imepasuka.

Mzee Kuider hakumwacha apumue.

"Eh, Wasila, vile viazi vya hewani vimeiva?"

"Vimeiva, ami. Nikukaangie?"

"Bila chumvi tu, Hafida asije kunitoa roho."

"Wewe na chumvi mmeachana lini? Juzi umeingia hapa unanuka karantika ya dengu mpaka dirishani."

"Ile ilikuwa ya mjukuu. Mimi niliibeba tu."

"Uliibebea tumboni, ami."

Hafida akageuka ukutani ili tusimwone akicheka.

Gemu moja tu aliipa masaa yote manne, nayo ni Bonde la Mishumaa. Ni kijiji kilichojaa ukungu, majirani ni nondo wa usiku na nungunungu, na kazi yako ni kuyeyusha nta, kutengeneza mishumaa na kuipeleka kwenye madirisha ya watu. Hakuna kushinda wala kushindwa. Uzuri wake mwingine ni kwamba watu wawili walio mbali wanaweza kuishi kijiji kimoja. Nawal alikuwa ameolewa Ain Temushent, na mumewe Mukhtar na watoto watatu, lakini mle bondeni alijenga kibanda karibu na kisima cha Wasila. Palikuwa na sanduku la barua. Kila Wasila alipofungua alikuta neno: "Nimekuachia nta ya njano. Na jibini usiguse, nakujua." Alikuwa ananisomea kwa sauti, huku uso umemlainika.

Majira ya kuchipua Nawal alipimwa, figo yake ikaonekana inafaa. Madaktari wakaweka tarehe, wiki ya pili baada ya Idi ya kuchinja. Sijawahi kuona chumba kile kimefurahi namna hiyo. Mzee Kuider akaanza kudai urithi.

"Ukiondoka, kidude hicho uniachie."

"Utakiangusha, ami."

"Nitakitunza kuliko mke wangu."

"Huyo mke ndiye aliyeniambia utakiangusha."

Mimi aliniambia pembeni atakachofanya kwanza. Atasubiri msimu wa machungwa ya Misserghin, anunue nusu kreti, ajifungie chumbani ayale peke yake mpaka mikono inate. Kwetu sisi chungwa ni sumu, moyo unaweza kusimama. Alilitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema jambo la aibu.

Idi ikapita. Nawal akapiga simu, mtoto ana homa, tarehe isogezwe. Ikasogezwa. Akapiga tena, Mukhtar yuko safarini. Halafu simu zikakoma, na bondeni kibanda chake kikawa giza. Wasila alikuwa anakiwekea mshumaa dirishani kila asubuhi, na akirudi anakuta umeisha kuyeyuka, hakuna aliyeugusa.

Jumanne moja ya Julai, saa moja na nusu tangu mashine zianze, Wasila alifungua sanduku la barua bondeni. Akanipa kidude. Sanduku lilikuwa na barua nne. Nondo alikuwa anashukuru kwa mshumaa. Nungunungu alikuwa anaomba uzi. Nyingine ilikuwa tangazo la sherehe ya taa. Ya nne ilikuwa ya Nawal. "Dada, siwezi. Mukhtar hataki, anasema nina watoto watatu. Nimejaribu kukupigia nimeshindwa. Nisamehe." Chini yake, kama chini ya kila barua ya gemu ile, palichorwa kimshumaa kinachotabasamu.

Yalibaki masaa mawili na nusu. Mtu mwingine angeinuka, angetoka nje, angebamiza mlango. Yeye damu yake ilikuwa inazunguka kwenye mipira ya mashine, hawezi hata kugeuka ubavu. Alikaa vile vile anatazama dari, mpaka shinikizo la damu likashuka, Hafida akaja mbio kumlaza kichwa chini.

"Umekula nini asubuhi?"

"Sijala."

"Kwa nini hujala? Wewe mtoto?"

Mzee Kuider alikuwa hajui. Akatania kama kawaida, "Vipi, mazao yameoza leo?" Akaniangalia mimi. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya magoti, ikakaa hapo mpaka tulipofunguliwa.

Wiki ile Wasila aliandika maoni mapya kuhusu Bonde la Mishumaa. Yalikuwa marefu kuliko yote aliyowahi kuandika. "Ni gemu ya uongo," ndivyo alivyoanza. "Humo ukimpa jirani mishumaa mitano anakupenda, ukimpa kumi anakuambia siri yake. Waliotengeneza wamechora kila kitu, mpaka vumbi kwenye vioo, wakasahau kuchora woga. Dada yangu alijenga humo kibanda. Kipo bado, kizuri, hakina mtu." Masaa iliyopewa: hakuna.

Maneno yale yakasambaa. Kutoka mia tatu, wasomaji wakafika elfu nne. Kila mmoja alikuja na dada yake, kaka yake, mjomba aliyemkimbia. Wengine walimtukana Nawal matusi ambayo siyaandiki. Wasila hakutaja jina la dada yake, lakini alitaja mji, na Ain Temushent si mji mkubwa. Niliona anayasoma yote, neno kwa neno, na sikuona kama yanamfaa. Bondeni hakuingia tena. Alicheza gemu nyingine, anaanza, anaacha, anaanza nyingine. Nikimuuliza imekaaje, anajibu, "Kama zote."

Desemba Mzee Kuider alikuwa ameshaisha mwili, anakuja kwa kiti cha magurudumu. Siku moja akamwambia, "Nisomee lile ulilomwandikia dada yako."

"Nimeandikia gemu, ami."

"Haya, gemu. Nisomee."

Akamsomea lote. Mzee alifumba macho, nikadhani amelala.

"Umeandika vizuri," akasema. "Sasa niambie. Zingekuwa zimekufa figo za Nawal, na wewe ndiye mwenye watoto watatu, ungempa?"

"Ningempa."

"Hujafikiri, binti yangu. Umejibu haraka."

"Sihitaji kufikiri."

"Mimi nina watoto sita, na nilipougua niliomba kwa Mungu wasipimwe. Unajua kwa nini? Niliogopa nitajua nani atakataa."

Wasila akageuzia uso dirishani. Hafida alikuwa ameshaanza kututoa sindano, anabana pamba kwenye mkono wake, ndipo Wasila aliposema, "Ami. Sijui."

"Nini hujui?"

"Kama ningempa. Sijui."

"Ee," akasema mzee. "Hilo hukuliandika."

Mzee Kuider alifariki Januari, siku ya Jumamosi, nyumbani. Jumapili tulikuta kiti chake kimetandikwa shuka jipya. Wiki iliyofuata akaja mfamasia mmoja asiyesalimia mtu. Wasila aliyafuta yale maoni asubuhi ile ile ya Jumapili, mbele yangu, kwa kidole gumba. Aliacha mstari mmoja tu: "Niliandika kabla sijamaliza kufikiri." Wasomaji wakalalamika, wakasema anaogopa, wakaondoka kwa mamia kama walivyokuja.

Nawal alikuja Machi, Alhamisi, na mkate usio na chumvi ndani ya kitambaa. Alinisalimia mimi kwanza, kisha akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo na mipira.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenenepa."

"Nikiwa na mawazo nakula."

"Watoto?"

"Wazima. Mdogo ameanza shule."

"Na Mukhtar hajambo?"

Nawal alitazama damu ikipita kwenye mpira. Alikuwa hajawahi kuiona. "Mukhtar hakukataa," akasema.

"Umesemaje?"

"Hakukataa, Wasila. Aliniambia mwili ni wangu, niamue. Nilimsingizia. Walinipa karatasi nisaini, mkono ukaniganda, nikatoka nje nikapanda teksi. Ni mimi. Hakuna mwingine."

Mfamasia akajifanya anasoma gazeti.

"Miezi minane namwapiza mume wako," Wasila akasema. "Kila nikisali."

"Najua."

"Masikini, hata mafua hakupata?"

"Alivunjika jino."

Nilidhani watacheka. Nilitaka wacheke. Nawal alianza kulia, bila sauti, anajifuta kwa kile kitambaa cha mkate. Wasila hakulia. Alimuuliza jambo moja tu.

"Simu unayo. Kwa nini uliniandikia mle?"

"Mle ndimo nilimozoea kuongea na wewe. Nilidhani itauma kidogo."

"Iliuma vile vile."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na masaa mawili na nusu yamebaki, Nawal. Nimefungwa hapa."

Hafida akaja kusema muda wa wageni umekwisha, akawaona, akarudi alikotoka. Wakakaa. Baada ya muda Wasila akainua kidude, akasema mkono umemchoka, amshikie. Ilikuwa gemu mpya, ya konokono wanaouza vitambaa sokoni. Nawal akashika, Wasila akawa anabonyeza. Waliuza vitambaa kama robo saa. Waliongea habari za konokono tu: huyu mpe wa bluu, huyo mwongo, huyo hana hela. Kisha Nawal akaangalia saa, akambusu paji la uso, akaondoka kuwahi gari.

Tangu hapo anakuja Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Suala la figo halijatajwa tena, wala mimi sijawasikia wakiligusa. Wasila yuko kwenye orodha, nami niko kwenye orodha hiyo hiyo, haisogei. Bado anaandika, kwa wasomaji mia moja na themanini waliobaki. Konokono walipata masaa mawili.

Siku ile, Nawal alipotoka, nilingoja kidogo halafu nikamuuliza Wasila kama amemsamehe.

"Bi Yamina," akasema, "leo usiniulize. Nina kiu."

Hafida akamletea kipande cha barafu kwenye kijiko. Alikinyonya taratibu, macho amefumba, mpaka kikaisha.