Hapo Nyuma ya Jiko la Mama Lukasi

Nakumbuka asubuhi moja huko mjini Koboko, Uganda, mwanangu, miaka ile ya sabini jeshi lilipokuwa likiwaita vijana wetu kila kukicha, nilikwenda kununua nyumba. Nyumba ya kwanza, nasema, maana leo ninazo tatu, na shuleni sikuvuka darasa la pili. Waliosoma wahesabu vitabu vyao, mimi nahesabu bati.

Muuzaji alikuwa Lukasi, askari, Mkakwa, mwenyeji wa hapo, aliyehamishiwa Jinja. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, kando ya njia ya Midia. Mimi nilichuuza tumbaku. Kila nikija kutoka kwetu Arua nililala kwa watu, na mke wangu Zenabu alikwishachoka kupikia jiko la wengine. Nyumba ile niliitaka sana. Tena mtaa wetu mzima wa Oli nilishawatangazia kwamba nina nyumba Koboko, kabla hata sijaiona. Ndivyo nilivyo, ulimi hunitangulia.

Na Lukasi tulipatana upesi. Mama yake mzee alikuwa mkekani akichambua maharage, sisi tukizunguka ua. Nilimsalimu juu juu tu. Nyuma ya jiko palikuwa na rundo la mawe. Nikamwambia Lukasi mawe haya nitayaondoa, hapa panafaa ghala ya tumbaku. Lukasi akatazama viatu vyake.

Mama akasema bila kupaza sauti, "Kijana wa Oli, hapo iko mtu."

Mwanangu, sisi Wanubi wa mjini tunazika makaburini. Sikuwaza kwamba mtu anaweza kulala nyuma ya jiko lake mwenyewe. Kumbe ni baba yake Lukasi, na Lukasi alinificha asije akapoteza mnunuzi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikajua nyumba imeniponyoka. Nikaomba radhi, nikaaga.

"Unakimbia wapi?" mama akaniuliza. "Mzee wangu hapana kuuma."

Akanieleza kwamba wanunuzi wawili walinitangulia. Hao walishasikia habari ya kaburi kwa majirani, wakaapa hawatagusa hata jani.

"Mdomo iko naapa, macho iko napima ghala," akasema. "Wewe umesema wazi mbele yangu. Mtu kama wewe naweza kupatana na yeye."

Nikaketi mkekani. Maharage yakapikwa, yakaliwa, na sisi bado tunasemezana. Mwisho nikauziwa nyumba, na ghala ikajengwa upande wa barabara. Nyuma nikaacha uwazi, na mlango wa ua usio na kufuli. Mama alihamia kwa kaka yake Midia, na kila baada ya mavuno alikuja kung'oa majani pale kaburini, Zenabu akimpelekea chai. Walikaa wakicheka mpaka jua linashuka. Nadhani walinisengenya mimi.

Basi ukienda kununua nyumba, mwanangu, usianze na bati. Anza na mzee aliyeketi uani. Msalimu kwa heshima, umuulize nani amelala hapo na nani atarudi kumlilia. Kisha sema kweli unachotaka kufanya, hata kama kitakukosesha nyumba. Njia ya mwongo ni fupi. Muuzaji atakupa ufunguo, lakini kukaa kwa amani utapewa na yule anayeacha moyo wake hapo.

Mungu akujalie nyumba yako, na majirani wanaoingia kama kwao, bila kubisha hodi. Na siku utakapolala usingizi mrefu, asikosekane mtu wa kukung'olea majani. Amin.